Pete Dye alivyotumia hofu badala ya urefu kulinda viwanja vya gofu

MPIRA wa gofu siku hizi unaruka mbali kupita kiasi. Hilo si lalamiko la wazee wanaozikumbuka enzi zao tu. Ni msimamo wa mashirika mawili yanayosimamia sheria za mchezo huu duniani, R&A na USGA, ambayo mnamo Desemba 2023 yalitangaza kanuni mpya ya kupima mipira kwa nia ya kupunguza umbali inaokwenda.

Kabla ya uamuzi huo, viwanja vingi vilikuwa vikijitetea kwa njia moja tu, nayo ni kurefushwa. Klabu ya Augusta National katika jimbo la Georgia, Marekani, ilinunua ardhi ya klabu jirani mwaka wa 2017, na kufikia mashindano ya Masters ya 2023 shimo lake la 13 lilikuwa limeongezwa yadi 35.

Klabu tajiri ina uwezo huo. Klabu ya kawaida, iliyozingirwa na nyumba na barabara, haina pa kupanukia. Hata ikipata ardhi, kila yadi inayoongezwa ni nyasi zaidi za kukatwa na maji zaidi ya kunyunyiziwa.

Ni katika mjadala huu ambapo kazi ya msanifu wa viwanja Pete Dye, Mmarekani aliyefariki Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 94, inafaa kutazamwa upya. Wachezaji walizilaani kazi zake, kisha wakarudi kila mwaka kuzichezea. Alikuwa ametambua jambo ambalo wengi hawajalikubali hadi leo: kwamba mchezaji mwenye nguvu haogopi umbali, bali huogopa kuchagua vibaya.

Dye alikuwa muuzaji wa bima katika jimbo la Indiana kabla ya kuingilia usanifu. Mnamo 1963 yeye na mkewe, Alice, ambaye alikuwa mchezaji stadi wa ridhaa, walizuru Scotland. Wakati huo viwanja vya Marekani vilikuwa vikijengwa virefu na vipana, na griini, yaani sehemu ya nyasi laini ambamo shimo huchimbwa, zilikuwa kubwa ajabu.

Huko Scotland walikuta mambo tofauti. Waliona ardhi yenye vilima na mabonde madogo, griini ndogo, na mabunka ya mchanga yasiyo mapana lakini yenye kina. Aidha, waliona kingo zilizozuiwa kwa mataruma ya reli. Mataruma hayo baadaye yakawa alama ya kazi za Dye.

Mafunzo hayo yalidhihirika mwaka wa 1969 katika uwanja wa Harbour Town, South Carolina, ambao Dye aliujenga akishirikiana na bingwa Jack Nicklaus. Wasanifu wenzake walipokuwa wakirefusha, yeye alibana. Njia za kuchezea zilikuwa nyembamba na griini zilikuwa ndogo. Mchezaji angeweza kuutua mpira kwenye nyasi fupi na bado akajikuta tawi la mti limemzibia njia ya kuelekea shimoni, kwa kuwa alikuwa upande usiofaa. Mashindano ya wanagofu wa kulipwa yangali yakiandaliwa huko kila mwaka.

Hata hivyo, kazi iliyolieneza jina lake ni uwanja wa TPC Sawgrass jimboni Florida, uliofunguliwa mwaka wa 1980. Aliyekuwa kamishna wa PGA Tour, Deane Beman, alikuwa amepata ekari 415 za kinamasi kwa bei ya dola moja tu. Katika kuuinua uwanja kutoka majini, wajenzi walichimba mchanga mahali palipokusudiwa kuwa shimo la 17 hadi pakabaki bonde kubwa. Dye alinuia kuweka kidimbwi upande mmja tu wa griini. Ni Alice aliyependekeza bonde lote lijazwe maji, na griini ibaki kama kisiwa.

Shimo hilo lina takriban yadi 137 pekee, nalo ni fupi kuliko yote uwanjani humo. Hakuna mwanagofu wa kulipwa asiyeweza kuufikisha mpira umbali huo. Pamoja na hayo, katika mashindano ya Players ya mwaka wa 2007, mipira 93 ilizama majini katika siku nne. Miaka miwili awali, Bob Tway, aliyekuwa bingwa wa PGA mwaka wa 1986, alitumia mikwaju 12 katika shimo hilo ambalo mtu hutarajiwa kulimaliza kwa mitatu.

Ni nini kinachowashinda mafundi hawa? Jibu ni kwamba hakuna nusu kosa. Kwingineko, mpira ukipotoka kidogo mchezaji huwa na nafasi ya kujirekebisha. Hapa ni griini au ni maji, na upepo ukivuma mtu hulazimika kuamua huku maelfu ya mashabiki wakimtazama. Isitoshe, mtihani huo umepangwa karibu na mwisho wa safari. Griini ya shimo la 16 ina maji upande wa kulia, nalo la 18 lina ziwa upande wa kushoto tangu mwanzo hadi mwisho. Anayeongoza hawezi kutulia.

Mbinu nyingine ya Dye ilikuwa kuyaweka maji au mchanga mshazari, badala ya kuyakingamiza. Yakikingamizwa, mchezaji ana swali moja tu: navuka au sivuki? Yakikaa mshazari, huulizwa ni sehemu gani anataka kuvukia. Anayethubutu kukata pembe hupata mkwaju mwepesi baadaye. Mwoga huenda salama lakini hubaki na kazi ngumu. Vilevile alipenda kuyahadaa macho, akiinua vilima ili mahali penye nafasi paonekane pembamba.

Wachezaji walinung'unika sana Sawgrass ilipoandaa mashindano hayo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1982, na baadhi ya griini zilibidi kupunguzwa makali. Mshindi wa mwaka huo, Jerry Pate, aliwatosa Beman na Dye ziwani kando ya shimo la 18, kisha naye akajirusha. Ulikuwa mzaha wa ushindi, ingawa wenzake wengi wangependa kufanya vivyo hivyo bila kucheka.

Haki inatudai tuseme kwamba nadharia hii ina mapungufu. Mnamo 1991 John Daly, aliyeitwa dakika za mwisho kama mchezaji wa akiba, alitwaa ubingwa wa PGA katika Crooked Stick, uwanja wa Dye mwenyewe, kwa kupiga mipira mbali kuliko wote. Dye naye alijenga viwanja virefu katika miaka yake ya baadaye. Na katika Whistling Straits, Wisconsin, chenye takriban mabunka 1,000, mwaka wa 2010 Dustin Johnson aliadhibiwa mikwaju miwili katika shimo la mwisho kwa kugusisha gongo lake mchangani, mahali ambapo hakudhani kuwa ni bunka. Adhabu hiyo ilimkosesha nafasi ya kuwania ubingwa katika mchujo. Mtego ambao hata bingwa hautambui kuwa ni mtego haupimi tena busara yake.

Lakini tazama yaliyojiri mwaka wa 2021 katika Ocean Course, Kiawah Island, uwanja mwingine wa Dye. Ulipimwa yadi 7,876, urefu ambao haukuwa umewahi kuonekana katika mashindano makuu ya gofu. Kila mtu angetabiri kijana mwenye misuli. Aliyeshinda ni Phil Mickelson, akiwa na umri wa miaka 50, mtu mzee kuliko wote waliowahi kutwaa taji kuu. Upepo wa bahari na pembe za Dye viliuliza maswali ambayo nguvu peke yake haikuweza kuyajibu.

Ikumbukwe pia kwamba ugumu huu haukukusudiwa kuwafukuza wachezaji wa kawaida. Alice, mwanamke wa kwanza kujiunga na chama cha wasanifu wa viwanja vya gofu cha Marekani, alipigania kuwekwa kwa vituo vya mbele vya kuanzia, ili wanawake na wengine wasio na nguvu nyingi wakabiliane na maamuzi yale yale kutoka umbali unaowafaa.

Somo hilo latuhusu hata sisi. Jiji la Nairobi liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi kuliko Pwani. Viwanja vya Muthaiga na Karen, ambavyo vimewahi kuandaa Kenya Open, haviwezi kushindana na mpira wa kisasa kwa urefu. Kinga yake ni miti iliyobana njia, pamoja na mahali shimo linapochimbwa kwenye griini.

Kwa hivyo, wanaopanga kujenga au kukarabati viwanja nchini, ambako maji ni haba na ardhi ni ghali, wasikimbilie kuongeza yadi. Wajiulize kwanza ni uamuzi gani mchezaji atalazimika kuufanya katika kila shimo. Kama hakuna, yadi mia zaidi hazitauponya uwanja huo.