Singeli imeingia redioni, waliopika mdundo wamebaki nje

WAHENGA walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alifika Mburahati, jijini Dar es Salaam, na mwaka 2017 mkusanyiko wa nyimbo zilizotengenezwa katika studio ndogo ya mtaa huo ukatolewa na lebo ya Kampala, Uganda, na kuanza kusikilizwa Ulaya na Marekani. Swali linalokusudiwa kujadiliwa katika makala haya ni moja: je, mwenyeji amepona?

Mkusanyiko huo unaitwa Sounds of Sisso. Sisso ni jina la mtayarishaji wa muziki na pia la studio yake. Ndani yake zimo kazi za vijana kadhaa wa singeli, wakiwamo Bamba Pana na Jay Mitta, ambao ala yao kuu si gitaa wala ngoma, bali ni kompyuta. Baadaye ukafuata mkusanyiko mwingine, Sounds of Pamoja, wa studio ya mtayarishaji Duke. Tangu mwaka 2018 baadhi ya vijana hao wamekuwa wakipanda majukwaa ya matamasha makubwa ya Ulaya, na mwaka 2024 Sisso na mwenzake Maiko walitoa albamu iitwayo Singeli Ya Maajabu.

Ikumbukwe kwamba hii ni kazi ya mtaa. Kompyuta ni moja, kipaza sauti ni kimoja, na walioketi kwenye benchi wakisubiri zamu ni wengi. Ndiyo maana zao lao la kwanza kuvuka mpaka halikuwa albamu ya nyota mmoja, bali mkusanyiko wa wengi. Na hapo ndipo ulipo ugumu wake mbele ya redio za nyumbani.

Ili tuuelewe ugumu huo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mlango mkuu wa muziki nchini ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi za dansi na vikundi vya taarab vilirekodi katika studio za redio hiyo, na wimbo ambao haukupita hapo mara nyingi ulibaki ukumbini. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua milango mingine. Radio One ilianza kusikika mwaka 1994, vituo vingine vikafuata, na vijana waliokuwa wakighani kwa Kiswahili wakapata mahali pa kupeleka kanda zao. Bongo Fleva haikuzaliwa redioni, lakini ni redio iliyoilea hadi ikasimama.

Lakini si kila muziki wa vijana ulipokewa. Mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, ulikuwa ukichezwa uswahilini katika miaka hiyo hiyo kwa kinanda kidogo cha betri, ngoma na spika zilizokwisha kukoroma. Muziki huo uliishi kwa kanda za mitaani na sherehe za usiku. Vituo vingi viliuona kuwa wa kihuni. Matokeo yake yanajulikana. Kundi la Jagwa Music, mojawapo ya makundi mashuhuri ya mchiriku, lilitoa albamu yake ya kimataifa mwaka 2012 kupitia lebo ya Ubelgiji, wakati wakazi wengi wa Dar es Salaam walikuwa hawajawahi kulisikia kundi hilo katika kituo chochote.

Singeli ni mtoto wa mchiriku kwa upande mmoja na wa taarab ya kisasa kwa upande mwingine. Ilikulia Tandale, Manzese na vitongoji jirani, katika sherehe za vigodoro, ambako DJ alichukua kipande cha ala cha wimbo wa taarab, akakizungusha na kukiongeza kasi, huku msanii akighani juu yake. Kasi hiyo sasa hupita mapigo 200 kwa dakika, na mara nyingine hukaribia 300. Nyimbo zilisambaa kwa kadi za simu, kwa flashi za madereva wa daladala na kwa wenye vibanda vya kuingiza miziki kwenye simu.

Je, redio iliifungia singeli mlango kama ilivyoufungia mchiriku? Kusema hivyo itakuwa ni kuwaonea watangazaji. Kituo cha E-FM cha Dar es Salaam, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 2014, kiliipa singeli nafasi ya wazi, na vituo vingine havikuweza kuendelea kujifanya havisikii. Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila wakawa majina ya nchi nzima.

Hata hivyo, tuangalie ni nani hasa aliyepita mlangoni. Aliyepita ni msanii mwenye sauti, jina na kibwagizo kinachoimbika. Aliyepika mdundo, yaani kijana aliyekesha mbele ya kompyuta, alibaki nje. Redio yetu hupiga wimbo mmoja mmoja wa mtu mmoja mmoja. Haina mahali pa kuweka mkusanyiko wa mtaa, wenye watayarishaji wengi wasiojulikana na nyimbo ambazo nyingine hazina maneno kabisa.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, vikwazo ni vitatu.

Kikwazo cha kwanza ni umbo la muziki wenyewe. Mkuu wa vipindi anapanga saa yake kwa dakika: matangazo ya biashara, habari, salamu na nyimbo za dakika tatu au nne. Mdundo mtupu wa mapigo zaidi ya 200, usio na kibwagizo, humtia hofu kwamba msikilizaji wa saa nne asubuhi atahama. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa sababu kituo kinaishi kwa matangazo. Lakini vituo hivyo hivyo vina saa za usiku na za mwisho wa wiki ambazo DJ huachiwa huru kuchanganya muziki anavyotaka. Kwa hiyo nafasi ipo, kinachokosekana ni mazoea.

Kikwazo cha pili ni maadili. Singeli ilizaliwa katika sherehe za usiku na lugha yake ni ya usiku. Mwaka 2018 wimbo wa Man Fongo, Hainaga Ushemeji, ulikuwa miongoni mwa nyimbo ambazo mamlaka ziliagiza zisipigwe katika redio na televisheni. Tangu hapo, mtangazaji anayepokea wimbo wa singeli asioujua hujiuliza mara mbili kabla ya kuupiga, kwa maana adhabu hukiangukia kituo. Hata jina la lebo ya Kampala iliyotoa mkusanyiko wa Sisso, Nyege Nyege Tapes, ni mtihani. Kwa Kiganda linaeleza hamu ya ghafla ya kucheza. Kwa Kiswahili, msomaji anajua, hakuna mtangazaji atakayelitamka mchana kweupe huku wazazi na watoto wakisikiliza.

Ni jambo la kushangaza kwamba nyimbo za ala tupu, ambazo hazina neno hata moja la kumkwaza mtu, ndizo zinazokosa nafasi, wakati zile zenye maneno ya utata hupigwa hadi siku ya kuzuiwa.

Kikwazo cha tatu ndicho kikubwa kuliko vyote, nacho ni karatasi. Wimbo unaofika kituoni kwa flashi, ukiwa na jina la DJ aliyeusambaza badala ya aliyeutengeneza, ni mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Unaweza kupigwa mara 100, na mwenye nao asijulikane.

Hapa ndipo penye hasara ya kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inatambua haki ya mtunzi, ya mwimbaji na ya mtayarishaji wa rekodi. Kituo kinachopiga wimbo kinatakiwa kulipia matumizi hayo. Mwaka 2022 COSOTA iligawa mirabaha kwa wenye kazi zilizotumika katika redio na televisheni, jambo ambalo wasanii walikuwa wamelidai kwa miaka mingi. Mgawo wa namna hiyo hutegemea mambo mawili: kumbukumbu za nyimbo zilizopigwa, na usajili unaoonyesha wimbo ni wa nani. Likikosekana mojawapo, fedha haina pa kwenda.

Sasa fikiria mkusanyiko wa mtaa wenye nyimbo 12. Kila wimbo una aliyepika mdundo, aliyeghani, na mwenye studio. Kama hawakuandikiana tangu mwanzo nani ana fungu gani, siku wimbo mmoja utakapovuma ndiyo siku urafiki utakapokufa. Wengi wa vijana hawa hufanya kazi kwa kuaminiana, na kuaminiana ni jambo jema, ila hakusomeki katika rejista ya hakimiliki.

Tuwe wakweli pia kwa upande wao. Muziki uliojengwa kwa vipande vya ala za taarab una mashaka yake. Kipande kile kilipigwa na mtu, katika kundi lenye mwenyewe. Anayedai mirabaha kwa mkono wa kulia hana budi kuangalia mkono wake wa kushoto umeshika nini. Kwa bahati njema, watayarishaji wengi wa singeli siku hizi hupiga vinanda vyao wenyewe kuanzia mwanzo, na hizo ndizo kazi ambazo mkusanyiko wa mtaa ungepaswa kuzitanguliza.

Wapo watakaouliza: redio ya nini katika zama hizi za simu za mkononi? Kijana anaweza kuuweka wimbo wake kwenye intaneti usiku na kuamka asubuhi umesikilizwa Berlin. Hoja hiyo ina uzito, na singeli yenyewe ni ushahidi wake.

Lakini ina upungufu. Intaneti humpelekea msikilizaji kile anachokitafuta au kinachofanana na alichokwisha kukipenda. Redio humfikia mama lishe aliye jikoni, fundi aliye gereji na abiria aliye kwenye daladala, ambao hawakukusudia kusikiliza muziki huo. Jina la msanii likitajwa mbele ya watu hao, hualikwa kwenye tamasha la mkoani, hupata tangazo la kampuni, na mzazi wake huacha kuuliza ataanza lini kufanya kazi. Sifa ya Ulaya ni njema na posho yake ni nzuri, lakini safari ya Ulaya huja kwa msimu na hutegemea viza. Riziki ya kila mwezi iko nyumbani.

Aidha, kuna suala la nani atasimulia historia. Mkusanyiko ukitolewa nje kwanza, maelezo yake huandikwa kwa Kiingereza na kwa ajili ya msomaji wa nje. Lebo ya Kampala imefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya, na inastahili shukrani. Hata hivyo, si busara kwa jiji lenye vituo vingi vya redio kungoja Kampala ilieleze kilichotengenezwa Mburahati.

Nini kifanyike? Kwa watayarishaji, hatua ya kwanza haihitaji mtaji. Kabla ya kupeleka mkusanyiko kituoni, kila wimbo uandikwe jina lake, majina ya walioutengeneza, mwaka, na mafungu yaliyokubaliwa, kisha usajiliwe. Watayarishe pia toleo fupi la redio, la dakika tatu, lenye lugha safi. Wachague nyimbo mbili za kutangulia badala ya kumtupia mtangazaji nyimbo 12 kwa pamoja. Na waende kama kundi, wakiwa na msemaji mmoja, kwa kuwa kundi lenye karatasi zake ni vigumu kulizungusha au kulidai chochote mlangoni.

Kwa vituo, ombi ni dogo. Saa moja kwa wiki, usiku, kwa ajili ya muziki wa kompyuta wa nyumbani, na mtangazaji ataje jina la aliyepika mdundo kama anavyolitaja la mwimbaji. Redio ya taifa, TBC, ambayo ndiyo mrithi wa ile Radio Tanzania iliyorekodi bendi za wazazi wetu, ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, maana haikuundwa kwa ajili ya kushindana kwa matangazo pekee.

Kwa serikali na wasimamizi wa hakimiliki, usajili upelekwe mitaani. Kijana wa Tandale hatapanda daladala mbili kwenda kujaza fomu asiyoielewa. Ofisi ikienda kwake siku moja tu, na mtu wa kumwelekeza, itarudi na majalada mengi kuliko inavyokusanya kwa kusubiri dirishani.

Mchiriku tuliuacha uende zake, na leo wanaotaka kuujua huutafuta katika lebo za Ulaya. Singeli bado iko jirani, na sauti yake inasikika kutoka dirisha la pili. Walioitengeneza ni vijana wenye majina. Yatajwe hewani, yaandikwe katika rejista, na chao wapewe, ili mgeni akija tena amkute mwenyeji amekwisha kupona.