Wiski ya Kimea Kimoja na Wiski ya Mchanganyiko: Mwamuzi ni Ulimi au Lebo?

Miongoni mwa wapenzi wa wiski ya Uskoti kuna ubishi usiokwisha. Upande mmoja hushikilia kwamba wiski ya kimea kimoja ndiyo wiski hasa, na kwamba ile ya mchanganyiko ni kinywaji cha watu wasiojua wanywacho. Upande wa pili hujibu kwamba kuchanganya ni ustadi, na kwamba anayeudharau hudharau asichokifahamu. Ubishi huu waweza kuonekana kuwa wa anasa tu, usiostahili kurasa za sayansi. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo kila mtafiti hana budi kulijibu: mtu hujuaje kwamba anachokionja ni kile kilichomo ndani ya glasi, wala si kile kilichoandikwa juu ya chupa?

Yafaa kwanza maneno yenyewe yaeleweke. Kwa mujibu wa kanuni za Uingereza za mwaka 2009, kila wiski ya Uskoti sharti ikae ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni, huko huko Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3, na iuzwe ikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Wiski ya kimea kimoja hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, yaani kimea, na hukenekwa kwa mafungu katika mitambo ya shaba yenye umbo la chungu, ndani ya kiwanda kimoja. Wiski ya mchanganyiko huunganisha wiski za kimea na wiski ya nafaka, ambayo aghalabu hutokana na ngano au mahindi na hukenekwa mfululizo katika mitambo mirefu ya mnara.

Tofauti hiyo si ya kubuni. Mtambo wa chungu huacha ndani ya pombe sehemu kubwa ya esta na kemikali nyingine zitokanazo na uchachu, ilhali shaba yake hupunguza misombo ya salfa yenye harufu mbaya. Mtambo wa mnara hutoa pombe kali zaidi, na kwa hiyo nyepesi zaidi kwa harufu. Kimea kikikaushwa kwa moshi wa piti, yaani tabaka la mimea iliyooza nusu katika vinamasi, hufyonza fenoli, na ndiyo sababu baadhi ya wiski za kisiwa cha Islay hunuka moshi na dawa. Kisha pipa nalo huongeza vanilini na vitu vingine vya mbao. Kwa hiyo mpenzi wa kimea kimoja hakosei anaposema kwamba kinywaji chake kina tabia ya pekee. Kosa lake huanza anapodhani kwamba upekee na ubora ni kitu kimoja.

Tena neno "kimoja" humpotosha. Huhesabu kiwanda, wala halihesabu mapipa. Chupa ya kawaida ya kimea kimoja ni mchanganyiko wa mapipa mengi ya kiwanda hicho, pengine ya umri mbalimbali, na umri uandikwao ni wa wiski iliyo changa kuliko zote humo. Rangi ya karameli nayo yaruhusiwa na sheria kwa aina zote mbili. Basi kila upande una mchanganyaji wake. Tofauti ni kwamba mmoja huchagua ndani ya ghala moja, na mwingine huchagua katika maghala ya nchi nzima. Huyu wa pili ana kazi ngumu ajabu: mapipa hayafanani, viwanda hufungwa na kufunguliwa, lakini mnywaji hutaka ladha ile ile kila mwaka.

Historia nayo ina ushahidi wake. Aeneas Coffey alipata hataza ya mtambo wake wa mnara mwaka 1830, na sheria ya mwaka 1860 ikafungua njia ya kuchanganya wiski za kimea na za nafaka kabla ya kulipiwa ushuru. Mwaka 1906 mahakama moja ya London iliamua kwamba pombe ya mtambo wa mnara haistahili kuitwa wiski. Ubishi ukapelekwa mbele ya Tume ya Kifalme, nayo mwaka 1909 ikaamua kwamba yastahili. Kwa miongo mingi iliyofuata, viwanda vingi vya kimea viliishi kwa kuwauzia wachanganyaji. Kimea kimoja kilianza kutangazwa kwa nguvu katika nchi za nje mnamo mwaka 1963, kiwanda cha Glenfiddich kilipoongoza njia. Anayeitukana wiski ya mchanganyiko, basi, huutukana mkono uliovilisha viwanda avipendavyo.

Lakini historia haitoshi kuamua ladha. Kinachotakiwa ni jaribio. Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya kupanga majaribio, alitoa mfano wa bibi aliyedai kwamba aweza kutambua kama maziwa yalitangulia chai kikombeni. Fisher hakumcheka wala hakumsadiki. Alipendekeza apewe vikombe 8, 4 vya kila namna, bila mpangilio unaojulikana kwake. Anayebahatisha tu atavitenga vyote sawasawa mara 1 katika 70.

Wapenzi wa wiski waweza kufanya vivyo hivyo nyumbani. Mtu amiminiwe glasi 3 asizozijua, 2 za wiski moja na 1 ya nyingine, kisha aitaje iliyo tofauti. Zoezi lirudiwe mara 6. Abahatishaye atapatia mara 5 au zaidi kwa nafasi isiyofika 2 katika 100. Wiski zilinganishwe zikiwa na umri unaokaribiana na nguvu iliyosawazishwa kwa maji, kwani kulinganisha kimea cha miaka 12 na mchanganyiko wa bei ya chini ni kupima umri na bei, si aina. Glasi ziwe nyeusi au zifunikwe, maana jicho huudanganya ulimi. Wala isisahauliwe kwamba kutambua tofauti si kuthibitisha ubora: swali la ipi yapendeza zaidi huulizwa peke yake, nalo pia lebo zikiwa zimefichwa.

Tahadhari hizi si za bure. Mwaka 2008 watafiti wa California waliwapa watu 20 mvinyo ule ule mara mbili, wakiambiwa mara moja kwamba ni wa dola 10 na mara nyingine kwamba ni wa dola 90. Walisema kwamba ule wa dola 90 ulikuwa mtamu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilionyesha hivyo hivyo. Hawakuwa wakisema uongo. Bei iliingia ndani ya ladha yenyewe.

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Anayelipa fedha nyingi kwa ajili ya heshima ya jina, akiamini kwamba analipia ladha, amehadaiwa na nafsi yake. Tena kuna pambano moja ambalo wiski ya kimea kimoja haiwezi kushinda kamwe: alkoholi ni ile ile katika chupa zote mbili. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya kileo katika kundi la visababishi thabiti vya saratani mwaka 1988, na ini halisomi lebo.

Hata msomaji asiyeonja pombe ana fungu lake katika habari hii. Majani ya chai yanunuliwayo katika mnada wa Mombasa huchanganywa na mengine ng'ambo na kuuzwa kwa majina makubwa, na yupo anayeapa kwamba ya mlima mmoja huyashinda yote. Huenda ni kweli. Na afunikwe macho, apewe vikombe, aonje.