Walio na kadi au wasio na kadi? Sauti safi si anasa

Sisi tuko huku kando ya Ziwa Mweru. Leo tunataka kuongea juu ya simu, waya na spika. Tunajua wengine watasema, "Hawa vijana bwana, watu wanatafuta unga, wao wanaongelea muziki." Tafadhali, someni mpaka mwisho kwanza, halafu mtulaumu.

Tuanze na jambo lililotupata. Siku moja ujumbe wa sauti uliingia kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Aliyeurekodi alikuwa amepigiwa simu na mwenzake, akaiweka simu ile kwenye spika, akarekodi kwa simu ya pili, akatuma. Ujumbe ulikuwa mfupi: kesho asubuhi wafike watu wasio na kadi. Nkambo mmoja wa bloki yetu aliusikia kwa simu ya mjukuu wake, nje, upepo unavuma, watoto wanapiga kelele. Yeye alisikia "walio na kadi". Kadi anayo. Akaamka saa kumi usiku, akatembea, akakaa kwenye foleni mpaka saa saba mchana ndipo akaambiwa leo si siku yako, mama.

Hiyo si mbaya sana. Mbaya ni jirani yake. Yule hana kadi, na nkambo kwa moyo mzuri alikuwa amemwambia, "Wewe baki, haikuhusu." Akabaki. Siku yake ikapita, akangoja wiki nyingi mpaka waitwe tena.

Watu wakamlaumu nkambo. Wakasema wazee hawasikii, wazee wanachanganya mambo. Sisi tulichukua ule ujumbe, tukaingia ndani kwenye utulivu, tukaunganisha simu na spika ndogo kwa waya. Hata sisi, vijana wa miaka ishirini na kitu, ilibidi tusikilize mara mbili ndio tukubaliane kwamba ni "wasio".

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tunauliza: na kama la mkuu lenyewe halisikiki?

Angalieni lugha yetu. "Walio na" na "wasio na" zinatofautiana kwa herufi moja tu, "l" na "s". Anayeitwa na asiyeitwa, wote wamebebwa na hiyo "s". Na "s" ni sauti ya hewa, nyembamba. Nguvu yake nyingi iko juu, kupita mitetemo 4,000 kwa sekunde. Sikio zima la kijana linasikia kuanzia mitetemo 20 mpaka 20,000 hivi. Lakini simu ya kupiga, kwa mfumo wa zamani, inapitisha kati ya 300 na 3,400 tu. Kwa hiyo mtu akirekodi sauti iliyotoka kwenye simu ya kupiga, "s" inaweza kuwa imeshakatwa kabla haijafika kwetu. Ongezeni tundu la spika lililojaa vumbi. Ongezeni kwamba mtu akizeeka, sauti za juu ndizo zinaanza kupotea masikioni. Nkambo hakuchanganya mambo. Alisikia kile kilichobaki.

Kuna jambo lingine linalofanya simu iwe kubwa kwetu kuliko kwa wenyeji. Hapa Zambia, Radio 1 ya ZNBC inatangaza kwa lugha saba za nchi: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Ni jambo zuri, na wengi wetu tuliotoka upande wa Pweto tunaelewa Kibemba. Lakini si wote. Kiswahili chetu hakimo katika hizo saba. Kwa hiyo kinaishi kwenye simu: mahubiri, masomo, vipindi vya Radio Okapi ya kule kwetu, iliyoanza 2002, au vya idhaa ya Kiswahili ya DW, ambavyo mtu mwenye bando anavipakua halafu anawagawia wengine. Simu moja ndiyo redio ya nyumba kumi.

Basi, kama simu ndiyo redio yetu, tujifunze kuisikiliza vizuri. Tumepoteza pesa kwa kutojua, na hatupendi mwingine apoteze.

Wengine wetu tukipata ruhusa ya kutoka tunafika Mununga, tunabeba mizigo, tunasaidia kuanika chisense. Pesa ile ni ya jasho, na kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa, inakauka kabisa. Sasa ukipita sokoni Mununga, vibanda vya simu vimejaa vitu vinavyowaka taa. Spika kubwa za Bluetooth zenye rangi nyekundu na bluu. Kijana anaona taa, anatoa pesa. Akifika nyumbani, besi inapiga mpaka mabati yanatetemeka, lakini akiweka somo la Kiingereza, maneno hayasikiki. Na betri ikiisha, kuna kulipa chaji ya simu na chaji ya spika. Sisi tunasema: kabla ya kununua, jaribu kwa sauti ya mtu anayeongea, usijaribu kwa wimbo. Ukielewa kila neno ukiwa umesimama hatua kumi, hiyo ni spika. Na iwe na tundu la waya. Waya hauli betri kama Bluetooth, na hata spika ya mtu mwingine unaweza kuiunganisha.

Halafu kuna hizi simu za sasa zisizo na tundu la hedifoni. Apple walilitoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wengine wakafuata, na sasa hata simu za mitumba zinazotufikia zimeanza kuwa hivyo. Unaambiwa nunua adapta ndogo ya USB. Mwenzetu mmoja alinunua, bei ya meda ya unga, akachomeka, kimya. Akarudi, muuzaji akasema simu yako ndiyo mbovu. Simu haikuwa mbovu. Adapta ziko za aina mbili. Moja ina kachombo ndani, wanakaita DAC, kanakogeuza tarakimu za kwenye faili kuwa umeme wa sauti. Nyingine ni waya mtupu, inategemea simu ifanye hiyo kazi yenyewe, na simu nyingi hazifanyi. Kwa macho zinafanana kabisa. Kwa hiyo usiulize, chomeka kwenye simu yako mwenyewe palepale kibandani. Ikitoa sauti, lipa. Isipotoa, msalimie muuzaji uende.

Kitu kingine hawakwambii: redio ya FM ndani ya simu inatumia waya wa hedifoni kama antena. Ndiyo maana ukichomoa, redio inakuambia chomeka hedifoni. Simu isiyo na tundu mara nyingi haishiki FM hata ukiweka adapta. FM ni bure, haili bando. Kwa hiyo kama una simu ya zamani yenye tundu, usiione aibu. Ina kitu ambacho simu ya bei haina.

Na DAC kubwa za nje, zile wanazosifu kwenye video? Tuseme ukweli. Simu yenye tundu tayari ina DAC ndani, na kwa hedifoni ndogo za kawaida, za ohm 16 au 32, inatosha. Sisi tuliwahi kupewa hedifoni kubwa za studio, nzuri kweli, zimeandikwa ohm 250. Tukachomeka kwenye simu, sauti ikaja kama mtu anaongea ng'ambo ya ziwa. Tukadhani zimekufa. Kumbe zinataka nguvu kuliko simu inayoweza kutoa, na hapo ndipo kikuza sauti kidogo cha kubeba kina maana. Lakini kinakula chaji, na ukichomeka kwenye simu kinakula chaji ya simu. Kama huna hedifoni za namna hiyo, acha. Pesa hiyo weka kwenye hedifoni imara za waya.

Na kifaa chochote hakiwezi kurudisha kitu ambacho faili halina. Ujumbe uliokatwa kwenye simu ya kupiga utabaki umekatwa hata ukiusikiliza kwa vifaa vya bei ya ng'ombe. Safari ya sauti inaanza kwa anayerekodi.

Kwa hiyo hapa tunageuka kwenu, kaka na dada zetu mnaofanya kazi na mashirika, na hata sisi wenyewe wa kujitolea, maana na sisi tumekosea. Tunaomba mambo manne.

Kwanza, msirekodi sauti kutoka simu hadi simu. Aliye na habari arekodi mwenyewe, ndani, mlango umefungwa, simu iwe karibu na mdomo kiasi cha kiganja. Ni dakika mbili tu.

Pili, chagueni maneno yasiyoanguka. Badala ya "wasio na kadi", semeni "watu ambao hawana kadi". Badala ya "walio na kadi", semeni "wenye kadi". Halafu rudieni kwa njia nyingine: "Kama kadi unayo, usije kesho." Hapo hata upepo ukila neno moja, mengine yanabaki.

Tatu, tupeni faili linalobebeka. Mazungumzo ya dakika kumi, kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama megabaiti 5. Kwa mtu anayeongea inatosha sana. Mmoja akipakua, wengine wanapeana simu kwa simu bila bando. Lakini mkituma video ya dakika kumi yenye nembo na muziki chini ya maneno, bando linaisha na maneno yamefunikwa.

Nne, kila bloki ipate spika moja ya waya, na mtu mmoja wa kuitunza. Megafoni ni nzuri kwa kuita watu, lakini kueleza mambo kwa megafoni ni kazi bure, inakwaruza maneno. Spika ndogo kwenye kivuli, watu ishirini wamekaa, ujumbe unachezwa mara mbili, anayeuliza anajibiwa. Bei yake ni ndogo kuliko bango moja kubwa ambalo nusu yetu hatuwezi kulisoma.

Tunajua jibu linalokuja: kuna njaa, kuna malaria, pesa zimepungua, nani ataweka spika kwenye bajeti? Hatubishani juu ya njaa, tunaijua kuliko mnavyoiandika kwenye ripoti. Lakini unga wenyewe unatangazwa kwa sauti. Chandarua kinatangazwa kwa sauti. Dawa mama anaelekezwa kwa sauti. Yule jirani wa nkambo hakukosa msaada kwa sababu haukuwepo. Alikosa kwa sababu ya "s".

Na nyie vijana wenzetu, hasa mnaotembea na hedifoni masikioni kutwa, tuna neno dogo. Tumewatetea hapa, msituangushe. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza vibaya. Wanasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza masaa 40 kwa wiki. Ikipanda 90, ni masaa manne tu kwa wiki nzima. Mara nyingi tunaongeza sauti kwa sababu hedifoni ni mbovu au nje kuna kelele. Hedifoni inayoziba sikio vizuri inakuruhusu kushusha sauti na bado uelewe. Usikivu ukienda haurudi. Hakuna kibanda Mununga kinachouza sikio.

Tusafishe pia simu zetu. Mswaki laini uliokauka, pole pole kwenye tundu la spika, usitumie sindano wala maji. Tulifanya hivyo kwa simu ya mjukuu wa nkambo, vumbi likatoka kama unga. Tukacheza tena ule ujumbe, ndani, kwa spika ya waya, karibu na yeye. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akanyamaza. Halafu akasema, "Kumbe ni wasio." Akaomba tumsindikize kwa jirani yake, akamwombe radhi.

Sisi tulienda naye. Lakini njiani tulikuwa tunajiuliza kama kweli ni yeye aliyepaswa kuomba radhi.