Wazo Kali Halitoshi

Kila tunapobishana kuhusu TiMER, filamu ya Jac Schaeffer ya mwaka 2009, lazima mtu aniambie, "Lakini kubali, wazo lake ni kali." Nakubali. Ndiyo maana nina hasira nayo.

Kama hujaiona: unafungiwa kijisaa mkononi, kinahesabu siku, saa na dakika zilizobaki kabla hujakutana na mwenzi wako wa kweli. Siku ikifika, mkitazamana tu, vyote viwili vinalia. Kama mwenzi huyo hajafunga chake, chako kinabaki kitupu. Oona, daktari wa kupanga meno anayekaribia miaka 30, anacho kitupu. Basi kila mwanaume anayempenda anampeleka akafungiwe, waone kama namba zitaoana. Hazioani, wanaachana. Filamu inaanza na tukio la namna hiyo, na hapo nilikaa vizuri kitandani.

Nilikuwa na sababu zangu. Tuliitazama hosteli, kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumba, wiki mbili baada ya mimi kumwacha mtu ambaye hakuwa amenikosea kitu. Nilimwambia sina uhakika. Uhakika wa nini? Hakuuliza, na nashukuru, maana nisingeweza kumjibu.

Kwa hiyo swali la filamu hii lilikuwa langu: ukijua kwamba huyu siye, penzi la leo ni la uongo? Steph, dada wa kambo wa Oona, ndiye anayelibeba. Saa yake inasema atakutana na wake akiwa na miaka 43. Afanye nini na miaka yote hiyo? Analala na wapita njia, anacheka sana, halafu anampenda Dan, mgane asiye na saa. Yupo pia Mikey, kijana wa dukani wa miaka 22 anayempenda Oona, na ambaye saa yake, tunakuja kugundua, ni bandia. Mtu aliyevaa uongo mkononi ili aachwe apende anavyotaka! Ningeitazama filamu nzima juu yake peke yake.

Badala yake tunapewa utani wa tofauti ya umri, mama mwenye maneno mengi, na mdogo wao wa miaka 14 anayeambiwa zimebaki siku tatu. Vichekesho vya televisheni. Halafu mwisho: saa ya Oona inaamka, na mwenzi wake ni nani? Dan. Dan wa Steph. Mashine haikukosea. Mikey anaondolewa njiani, na Steph anatakiwa aelewe.

Watetezi wake husema bajeti ilikuwa ndogo. Sijalalamikia taa wala kamera. Dada wawili chumbani, mmoja amemchukulia mwenzake mwanaume bila kutaka, wakae humo dakika kumi wasemezane hadi iume: hilo linahitaji pesa gani? Wengine husema mwisho una uchungu, haujasema mashine ina haki. Sura ya huzuni haihesabiki kuwa swali. Filamu iliyojenga ulimwengu mzima juu ya saa ilitakiwa itupe angalau mtu mmoja aliyeikaidi na kulipa gharama yake mbele yetu.

Na Schaeffer angeweza. Ndiye aliyebuni WandaVision mwaka 2021, ambako mwanamke anajitengenezea mume aliyekwisha kufa, na hadithi inakaa naye hadi anapolazimika kumwachia. Kule hakukimbia.

Mwenzangu wa chumba anasema namsema Oona kwa kosa langu mwenyewe. Inawezekana. Mwenzake Oona alikuwa na saa ya kusingizia. Mimi mkono wangu ulikuwa mtupu.

Hata hivyo bado nataka kujua Steph alifanya nini usiku ule, aliporudi nyumbani na kutazama namba zake zikiendelea kupungua.