Mbwa Aliyeitwa Muungwana

Katika Kiswahili, kumwita mtu mbwa ni kumtukana. Kwa Waarabu wa Kaskazini mwa Afrika hali ni iyo hiyo, ila wao walimtenga mbwa mmoja na aibu hiyo. Mbwa wa kawaida, mla makombo, humwita kelb. Yule mrefu mwembamba, mwenye manyoya mafupi na mbio za ajabu, humwita slugi. Na aliye safi wa nasaba humsifu kwa neno hurr, yaani muungwana. Ni neno lilo hilo lililotupa sisi "huru".

Heshima hiyo haikuja bure. Slugi huwinda kwa macho, si kwa kunusa. Alimkimbiza paa na sungura nyikani, watu wakapata kitoweo. Kurani nayo, katika Sura ya Tano aya ya nne, imehalalisha mawindo ya wanyama waliofunzwa. Basi haikuwa ajabu kumkuta slugi amelala hemani pamoja na wenyewe.

Leo muungwana huyo anadidimia kwao, Moroko, Algeria, Tunisia na Libya. Sheria ya uwindaji ya Ufaransa ya mwaka 1844, iliyobana uwindaji wa mbwa wa mbio, ilifikishwa hadi Algeria. Vita vya ukombozi vya 1954 hadi 1962 viliwatawanya wenyeji na mifugo yao. Kisha bunduki na magari vikawamaliza paa, wahamaji wakahamia mijini, na mbwa wa kigeni wakachanganywa na slugi. Kazi ilipokwisha, mfanyakazi akasahauliwa.

Yamkini msomaji ataniuliza: si anafugwa Ulaya na Marekani? Naam. Shirikisho la kimataifa la wafuga mbwa limemsajili kwa nambari 188, Moroko ikiwa mlezi wake, na chama kikuu cha Marekani kilimtambua mwaka 2016. Siyadharau hayo. Lakini mbwa anayetuzwa kwa umbo uwanjani amehifadhiwa mwili tu. Maarifa ya kumchagua, kumlea na kumfunza yamo vinywani mwa wazee wa nyikani, nao hawaishi milele.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mfugaji. Najua kwamba kazi ikifa, msamiati wake hufuata kaburini. Kwa hiyo vyuo vya nchi hizo havina budi kuwaendea wazee hao na kuyaandika maneno yao, huku serikali zikiwasajili slugi safi waliosalia vijijini. Kumwachia mgeni kazi hiyo ni kujinyima haki ya kusimulia habari zetu wenyewe.

Nanyi walimu na wanafunzi wa hapa kwetu, jiulizeni ni mnyama gani, mbegu gani au chombo gani cha babu kinachotoweka pamoja na jina lake. Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Itakuwa dhihaka iliyoje, aliyeitwa huru apotee kwa utumwa wetu!