Valvu Imewekwa, Kipimo Kiko Mbali

Kambi ya upasuaji wa moyo inapomalizika, vyombo vya habari hutangaza idadi ya waliopona na fedha zilizookolewa kwa kutowapeleka wagonjwa India. Ni habari njema kwelikweli, na tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanza kazi Muhimbili, jijini Dar es Salaam, mwaka 2015 tumezizoea. Lakini mgonjwa aliyebadilishiwa valvu harudi Muhimbili kulala. Anarudi kwao Sumbawanga, Newala au Ngara. Nani atampima damu mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, na miaka yote iliyobaki ya maisha yake?

Nauliza hivyo kwa sababu valvu ya kiwandani, ile ya kaboni na chuma, haimalizi ugonjwa. Damu inapogusa kitu kigeni huanza kuganda. Bonge likiganda kwenye valvu, linaweza kuifanya ikwame isifunguke, au likachomoka na kupanda kichwani, na kijana wa miaka ishirini na kitu akaamka na kiharusi. Ndiyo maana anapewa warfarini kila siku mpaka mwisho wa uhai wake. Dawa hiyo huzuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Ikipungua, bonge linajijenga. Ikizidi, damu inavuja tumboni au kwenye ubongo. Kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954, warfarini iliuzwa Marekani kama sumu ya panya, na panya walikufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Dozi ndiyo inayotenganisha tiba na sumu, na dozi haijulikani bila kupima.

Kipimo chenyewe kinaitwa INR, nacho huonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyetumia dawa husoma karibu na 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa wakae kati ya 2 na 3, na mwenye valvu ya kiwandani upande wa mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) hupandishwa kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Njia ni nyembamba, na mtu hutoka humo bila kosa lolote la kwake. Akianza dawa za kifua kikuu, rifampisini hulifanya ini liivunje warfarini haraka na INR inashuka. Akipewa Septrin au metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, INR inapanda. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, kwa hiyo dozi iliyomtosha wakati wa kiangazi inaweza kumpungukia masika, mboga zinapojaa shambani. Kumwambia aache mboga ni ushauri mbaya: anapoteza lishe, na familia ya kijijini haina kitoweo kingine cha kubadilishia. Anachohitaji ni kula kwa kiasi kinachofanana na kupimwa mara kwa mara, dozi ifuate maisha yake.

Hali halisi ikoje? Utafiti uitwao REMEDY, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia wagonjwa 3,343 wenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, unaoharibu valvu, katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, na wanawake walikuwa theluthi mbili. Kati ya walioandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda, waliokutwa na INR inayotakiwa walikuwa asilimia 28.3 tu. Yaani kati ya wagonjwa kumi wanaomeza kidonge kila siku, saba hivi walikuwa nje ya mstari: ama bonge linawanyemelea, ama damu iko tayari kuvuja. Takwimu hii ilipaswa kutikisa bajeti zetu kuliko idadi yoyote ya upasuaji.

Wapo wanaosema tusihangaike na teknolojia ya zamani, dawa mpya zisizohitaji INR zimekwishafika. Hoja hii ina nguvu kwa mgonjwa mwenye bonge la damu mguuni, na hata kwa mzee ambaye mapigo ya moyo yamevurugika lakini valvu zake ni nzima. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na serikali zetu zingefanya vema kuzishusha bei. Lakini kwa wagonjwa ninaowazungumzia jibu limeshapatikana, nalo ni chungu. Dabigatrani, mojawapo ya dawa hizo mpya, ilipojaribiwa kwa wenye valvu za kiwandani, utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha mabonge zaidi na kuvuja damu zaidi. Jaribio la apiksabani nalo lilisimamishwa mwaka 2022 kwa sababu ya mabonge. Mwaka huohuo utafiti wa INVICTUS, uliofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, uliwalinganisha watu zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi na mapigo yaliyovurugika. Waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, na hawakuvuja damu zaidi. Kwa kundi hili, warfarini ndiyo dawa, na INR ndiyo njia pekee ya kuitumia kwa usalama.

Hoja ya pili ni ya valvu za tishu ya ng'ombe au nguruwe, ambazo hazidai warfarini ya maisha. Kwa mtu mzima aliyepita sitini ni chaguo zuri. Kwa binti wa miaka 17 valvu hiyo huchakaa mapema, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Hata hivyo, kwa msichana anayeishi mahali ambapo INR haifiki kabisa, daktari anaweza kuwa na haki ya kuichagua. Inaumiza kwamba umbali wa maabara ndio unaoamua aina ya moyo atakaokuwa nao.

Kwa msichana huyo kuna jambo zito zaidi. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma, na kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili inaweza kuharibu maumbile ya mtoto. Kuiacha ghafla kunamweka mama kwenye hatari ya valvu kuziba. Heparini ya sindano inaweza kusaidia, lakini nayo inahitaji usimamizi wa karibu. Haya yanatakiwa kuzungumzwa kabla ya mimba. REMEDY iliwakuta wanawake 1,825 wenye umri wa kuzaa, na waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango walikuwa asilimia 3.6. Mazungumzo hayo hayafanyiki kwenye foleni ya hospitali ya taifa. Yanafanywa na muuguzi anayemjua mgonjwa kwa jina.

Na muuguzi huyo tayari yupo. Mgonjwa wa moyo wa baridi yabisi anatakiwa kuchomwa penisilini kila wiki tatu au nne, hata baada ya upasuaji, ili homa ya baridi yabisi isirudi. Sindano hiyo huingia kwenye msuli, mahali ambapo damu iliyolainishwa kupita kiasi inaweza kujaa na kuvimba. Sasa fikiria: kila mwezi anachomwa sindano karibu na kwao, na aliyeshika sindano hajui INR yake ni ngapi, kwa sababu kipimo kiko safari ya siku nzima kwa basi. Tone la damu ya kidoleni kwenye mashine ndogo ya mkononi lingetoa jibu kwa dakika chache, siku hiyohiyo, kabla ya sindano.

Si ndoto. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret nchini Kenya, wafamasia walianzisha kliniki ya warfarini na wagonjwa wao wakakaa ndani ya kiwango takribani asilimia 65 ya muda, sawa na kliniki za nchi tajiri. Nchini Rwanda, wauguzi wa hospitali za wilaya kama Butaro, Kirehe na Rwinkwavu wamewafuatilia waliopasuliwa moyo, wakipima INR na kurekebisha dozi kwa mwongozo wa maandishi.

Nakubali kwamba kutawanya mashine kila zahanati ni kupoteza fedha: stripu zake za kupimia zitaisha muda kwenye droo. Lakini hospitali zinazopasua zina daftari la wagonjwa wao wote na wilaya wanazotoka. Mashine na stripu ziende kwenye wilaya hizo, pamoja na muuguzi mmoja aliyefundishwa na namba ya simu ya daktari wa moyo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Anayelipia valvu alipie na stripu za miaka inayofuata, ziandikwe kwenye ankara hiyohiyo ya upasuaji, na taarifa ya kambi ijayo itutajie pia ni wangapi kati ya waliopasuliwa mwaka jana wana INR inayotakiwa.