Ndege, Meli na Bei ya Haki

Mishiri iliyochumwa leo asubuhi huko Mwea yaweza kuwa dukani London baada ya siku mbili. Kinachoipeleka upesi hivyo ni ndege, na ndege hula mafuta mengi. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mwaka 2007 maduka mawili makubwa ya Uingereza, Tesco na Marks & Spencer, yalianza kubandika picha ya ndege kwenye vyakula vilivyosafirishwa kwa ndege, ili mnunuzi ajue. Mwaka huo huo Soil Association, chama kitoacho alama kwa mazao yasiyokuzwa kwa mbolea na dawa za viwandani, kilifikiria kuvinyima vyakula hivyo alama yake. Mwishowe hakikuvinyima, lakini wakulima wetu wengi walikuwa wamekwisha kasirika. Jana waliambiwa walime mboga wapate bei ya haki. Leo waambiwa mboga zao zaharibu hewa!

Hasira ile ilikuwa na sababu. Picha ya ndege yaeleza safari peke yake. Haisemi kwamba mazao yetu hukua kwa jua la Mungu, hali huko Ulaya wakati wa baridi mengi hukuzwa katika nyumba za vioo zinazopashwa moto kwa gesi. Chuo Kikuu cha Cranfield kilipopima maua ya waridi mwaka 2007, kiliona kwamba ya Kenya, pamoja na safari yake ya ndege, yalichafua hewa kidogo kuliko ya Uholanzi.

Lakini waridi si mishiri, wakulima wenzangu. Wakati wa joto kule, maharagwe hukua shambani kwao bila moto wowote, na hapo mishiri ya ndege haina la kujitetea. Tena mvua zikivurugika, sisi tusio na bima wala akiba ndio tunaoumia kwanza.

Avokado ni habari nyingine. Huchumwa ikiwa ngumu, hupozwa, hutiwa katika kontena la baridi, kisha hupakiwa melini Mombasa. Kilo kwa kilo, meli huchafua hewa kidogo sana kuliko ndege. Ubaya wake ni siku nyingi baharini. Tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika, safari ilirefuka kwa majuma kadhaa, na anayechuma matunda machanga au yaliyogongwa huwaharibia jina wote.

Ugumu mkubwa uko nyumbani. Mishiri huleta pesa baada ya miezi miwili hivi. Mche wa avokado uliobebeshwa huzaa vizuri baada ya miaka mitatu au minne. Mwenye ekari mbili na karo za shule atangojaje? Mishiri yaweza kulimwa kati ya miche mpaka kivuli kizidi, lakini haitoshi.

Basi maoni yangu ni haya: mnunuzi atakaye tupunguze ndege, naye achangie miaka ile ya kungojea. Alama ya Fairtrade, iliyoingia Uingereza mwaka 1994, huleta pesa za ziada juu ya bei, na wakulima wenyewe huamua matumizi yake. Sehemu yake ingefaa kununua miche na kuchimba mabwawa ya maji. Bei nzuri ya mishiri pekee haimwondoi mtu katika mishiri.

Wakala akija katika mkutano wa ushirika na karatasi zake, muulizeni hilo kabla ya kutia sahihi.